Kasha la kompyuta lenye uso wa kioo: tunauziwa sura, hewa hatupewi

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, kwa sababu jambo lenyewe limenigharimu fedha na wiki mbili za kazi.

Mwezi uliopita nilinunua kasha jipya la kompyuta ya mezani hapa Dar es Salaam kwa shilingi 280,000, baada ya kusoma tathmini kadhaa zilizolisifia umbo lake: uso wote wa mbele ni kioo cheusi, ubavu wa kushoto ni kioo, na nyuma ya kioo cha mbele zimepangwa feni tatu za milimita 120 zinazowaka taa za rangi. Kwa macho ni zuri, sibishi. Lakini feni hizo zinatazamana na kioo kisichopitisha hewa, kana kwamba zimeelekezwa ukutani. Hewa yote zinayovuta inapita kwenye upenyo wa pembeni ambao hata kidole changu cha mwisho hakiingii, na katika joto la Pwani, ambako chumba changu mchana hufika nyuzi 32, hilo si kosa dogo.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Dakika 10 tu baada ya kuanza kutoa video moja, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilifika nyuzi 96 ikaanza kujipunguzia kasi ili isiungue. Nikabandua bamba la mbele, nikalilaza kitandani, nikasubiri mashine ipoe, kisha nikarudia kazi ileile: nyuzi 79. Sikubadilisha feni wala sikuongeza kitu. Nyuzi 17 zote zilitokana na kile kioo. Nilipompelekea muuzaji malalamiko, alinishauri niongeze feni nyingine. Feni ya nne inayotazamana na kioo itavuta nini?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba waliolitathmini walitazama picha, hawakulitumia. Matundu ya USB yanatazama juu, kwa hiyo vumbi linatua humo moja kwa moja, na moja tayari halisomi flashi mpaka ulipulize. Chujio la vumbi la chini linachomolewa kwa nyuma, maana yake kila unapotaka kulisafisha sharti uchomoe nyaya zote na kulivuta kasha zima kutoka mezani. Kioo cha ubavuni kimeshikwa na skrubu nne bila bawaba. Ukifungua ya mwisho kinakuangukia mkononi. Kioo cha aina hiyo huhimili pigo la katikati, lakini kona yake ikigonga sakafu ya vigae kinaweza kusambaratika chote kuwa chembechembe. Mimi hutandika blanketi kwanza.

Wala asiniambie mtu kwamba uzuri na hewa havikai pamoja. Apple walitoa Power Mac G5 mwaka 2003, kasha la alumini ambalo uso wake wa mbele na wa nyuma umetobolewa matundu madogo mengi, na matundu hayohayo ndiyo urembo wake. Kabla ya hapo, mwaka 2000, walikuwa wametoa Power Mac G4 Cube, umbo la kupendeza kiasi cha kuwekwa katika jumba la Museum of Modern Art la New York. Lakini wanunuzi walilalamikia mistari kama nyufa katika plastiki yake, bei ilikuwa kubwa, na Julai 2001 ilisitishwa. Waundaji wa leo wana mifano yote miwili mbele yao, na bado wanatuletea kioo.

Ninaomba wanaoandika tathmini watupe vipimo viwili vya joto, bamba la mbele likiwepo na likiwa limeondolewa, pamoja na joto la chumba walichopimia. Na wenzangu mlioko Tanga, Mombasa, Unguja au hapa Dar mnaotumia makasha yenye uso wa wavu: mnapata nyuzi ngapi mashine ikiwa kazini, na vumbi mnalisafisha kila baada ya muda gani? Nataka kununua jingine kabla ya kazi ya Jumamosi ijayo.