Naomba ushauri: uzamili wa uhusiano wa kimataifa, London au Geneva?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, nina shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa na nimeshafanya kazi miaka kadhaa. Sasa nataka kusoma uzamili wa uhusiano wa kimataifa nje. Kinachonivuta ni mambo ya bahari. Mwaka 2021, Mei, gati ya kwanza ya bandari mpya ilifunguliwa hapa kwetu. Oktoba, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa hukumu ya mpaka wa bahari wa Kenya na Somalia. Baba ni mvuvi wa Kizingitini. Mambo haya yanamfika hadi kwenye nyavu zake, na nataka mtu wa huku awepo yanapozungumzwa.

Chuo cha SOAS cha London ni mwaka mmoja, na ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipa ada, nauli na posho, kwa sharti urudi nyumbani miaka miwili. Sharti hilo halinisumbui hata kidogo. Chuo cha Graduate Institute cha Geneva ni miaka miwili, jirani na mashirika makubwa kama Shirika la Biashara Duniani (WTO), lakini maisha ya Uswisi ni ghali mno na Kifaransa changu ni cha kusalimiana tu.

Mliosoma huko, mwaka mmoja unatosha kuandika tasnifu ya maana kuhusu sheria ya bahari? Na waajiri wa Nairobi, wizara hasa, huangalia jina la chuo au ulichosomea? Mama anataka London kwa sababu mjomba yuko huko. Maombi ya Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti, kwa hiyo naomba mnijibu mapema.