Mdogo wangu anataka kukaa nyuma ya maiki: stashahada, shahada, au akajitolee radio jamii?

Kaka wa Muheza
Wadau, habari zenu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha nne. Kiswahili B, Historia C, Kiingereza C, Jiografia D na Uraia D. Anachotaka ni radio tu. Tena si kutangaza, anataka kutengeneza vipindi: kurekodi, kukata, kuchanganya sauti na muziki.

Mezani kuna njia tatu. Ya kwanza, aingie chuo cha utangazaji mwaka huu, aanze ngazi ya NTA 4 (cheti cha awali) hadi 6, miaka mitatu atoke na stashahada. Ya pili, asome kidato cha tano na sita, kisha shahada kwenye chuo kikuu, SAUT (Mtakatifu Augustino) au UDSM (Dar es Salaam). Ya tatu ni ya mjomba wetu: tusichome hela, aende akajitolee radio jamii kwa sababu "radio haifundishwi darasani". Hela yenyewe ni ya msimu mmoja wa machungwa. Naomba ushauri wa waliopita huko, sio wa kusikia.

Fundi Mitambo
Mjomba ana nusu ya ukweli. Nina miaka 11 kwenye mitambo na nimeshapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wengi. Wapo wanaofika na stashahada na hawajui kwamba maiki ya mgeni inafungwa kabla mgeni hajaanza kukohoa. Mmoja aliiacha wazi katikati ya taarifa ya habari, mkoa mzima ukasikia mtu anauliza chai iko wapi. Hakuwa mjinga. Chuoni kwao walikuwa zaidi ya 80 na miksa moja, ile meza ya kuchanganyia sauti, kwa hiyo alikuwa ameiona, hajawahi kuigusa.

Usianze na jina la chuo. Piga simu uulize: studio ngapi, wanafunzi wangapi, kila mmoja anakaa kwenye miksa saa ngapi kwa wiki, na je, chuo kina radio inayokwenda hewani? Wakikujibu "tuna studio ya kisasa", rudia swali.

Nyegezi wa Zamani
Mimi ni wa SAUT, Mwanza. Faida kubwa niliyoipata ni radio ya chuo. Kipindi chako kikiwa kibovu, jioni ile ile mama muuza dagaa anakwambia hakusikia kitu. UDSM nao wana radio yao, Mlimani, na shule yao ya habari ilitokana na TSJ, chuo cha serikali kilichoingizwa chuo kikuu mwaka 2003. Kote ni pazuri.

Ila niseme ukweli, shahada ni pana: nadharia ya mawasiliano, sheria, utafiti, maendeleo. Imenisaidia nilipopandishwa kuwa mhariri. Kukata sauti sikujifunzia kwenye ukumbi wa mihadhara. Kwa binti anayejua tayari anataka utengenezaji, na kwa hela ya machungwa, mimi ningeanza na stashahada. Shahada ataikuta mbele, na stashahada nzuri inamfungulia mlango wake.

Mwanasheria Mtoro
Njia ya mjomba ina shimo ambalo hamjalitaja. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi wa habari awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kazi hiyo, na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Atajitolea miaka mitatu, atakuwa hodari kuliko wote pale, halafu nafasi ya dawati la habari ikitangazwa anaulizwa cheti. Atasema yeye ni wa vipindi, si wa habari. Lakini radio ndogo hazina ukuta huo: asubuhi unachanganya muziki, mchana unatumwa kumhoji diwani.

Binti Pangani
Mwenzenu nilijitolea radio jamii miezi 9 kabla ya chuo, jina lake silitaji. Sikulipwa, nauli nilijitafutia. Usimpeleke binti bila makubaliano ya maandishi, hata karatasi moja: atafanya nini, atafundishwa na nani, ataondoka saa ngapi usiku. Mimi nilibaki kuandaa chai na kusoma salamu za wasikilizaji mpaka nilipolalamika.

Baada ya hapo, ndiyo, nilijifunza. Nilirekodi wavuvi alfajiri upepo ukivuma, nikarudi na saa nzima ya upepo, sauti za watu hazisikiki. Tangu siku hiyo ninatembea na soksi ya kuvisha maiki. Chuoni mwalimu alipofika mada ya upepo nilikuwa nacheka peke yangu.

Kijana wa South B
Mimi niko Nairobi, nilisoma KIMC, chuo cha serikali cha habari na utangazaji kilichoanza 1961. Huku utengenezaji wa vipindi ni fani yake, na ufundi wa mitambo ni fani yake. Kama mnataka binti asome radio tupu bila kugawanywa na magazeti, ni jambo la kufikiria. Lakini mtalipa ada ya mgeni, pango la Nairobi, na akirudi Tanzania cheti kitahitaji kutambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Kwa bajeti yenu singeshauri.

Fundi Mitambo
Nimerudi. Kaka, mpime kabla ya kulipa popote. Aende soko la machungwa na simu, amhoji mchuuzi mmoja dakika tano, simu iwe kama shubiri moja kutoka mdomoni, kisha arekodi dakika moja ya soko bila kuongea. Aingize kwenye Audacity, ni programu ya bure, atoe kipande cha sekunde 60.

Nitasikiliza mambo mawili. La kwanza, pumzi. Ukizikata zote, mzungumzaji anasikika kama anazama. La pili, maana. Kiswahili kinauma hapa: mtu kasema "si kweli kwamba tumelipwa", mkono ukateleza ukala ile "si", umewalipa watu ambao hawajalipwa. Ni sauti ndogo kuliko pumzi. Asiyesikiliza kwa hedifoni haioni.

Nyegezi wa Zamani
Hiyo ya "si" ilinikuta. Tuliomba radhi hewani siku mbili.

Kaka wa Muheza
Asanteni sana. Nimepiga simu vyuo viwili. Cha kwanza kimenijibu "studio ya kisasa" mara tatu, nikakata. Cha pili, mwalimu kasema wapo 34 kwa studio mbili, kila mmoja ana zamu ya saa mbili kwa wiki, na twende Jumamosi tuone. Shahada tumeiweka pembeni kwa sasa. Likizo za chuo atakwenda radio jamii, na karatasi ya Binti Pangani nitaiandika mwenyewe.

Kazi ya soko ameifanya jana. Pumzi kaziacha. Ila mchuuzi alikuwa anamenya chungwa muda wote, kila sentensi ina kisu. Anaomba kuuliza: aifute ile sauti, au aiache?

Fundi Mitambo
Aiache. Nitumie hicho kipande.