Tupeane uzoefu: The International ya Castle Pines na hesabu ya alama zake

KusiniGofu (Mtwara)
Wakuu, salamu za Shangani. Uzi huu ni wa The International, mashindano ya gofu ya kulipwa yaliyochezwa Castle Pines, Colorado, Marekani, kuanzia 1986 hadi 2006. Wanaoyajua wayaeleze vizuri, hasa hesabu ya alama, maana huku kuna wanaotaka kuitumia.

Mikindani_A
Mwanzilishi ni Jack Vickers, na uwanja ulichorwa na Jack Nicklaus. Mshindi hakupatikana kwa mikwaju michache bali kwa alama nyingi: albatrosi (mikwaju mitatu chini ya par, yaani idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo) 8, igo (miwili chini) 5, birdi (mmoja chini) 2, par 0, bogi (mmoja juu) unakatwa 1, na kuanzia mikwaju miwili juu ya par unakatwa 3, hata ukipiga kumi. Utamu wote uko hapo. Kwenye gofu ya kawaida birdi moja na bogi moja zinafutana. Hapa unabaki na alama 1. Ukishambulia bendera mara tatu, ukapata birdi mara moja na bogi mara mbili, hujapoteza kitu. Ila kama kukosa maana yake ni mpira majini na mikwaju miwili juu ya par, unahitaji kufanikiwa zaidi ya mara 3 katika 5. Kabla ya kushika fimbo, jiulize kwanza ukikosa unaangukia wapi.

MnaziMmoja (Lindi)
Tazameni 2002. Siku ya mwisho Steve Lowery alipata igo shimo la 15, kisha la 17, ambalo ni par 5, akatumbukiza mkwaju wa pili. Hiyo ni albatrosi, alama 8 kwa mkupuo! Bado Rich Beem akashinda, 44 kwa 43. Wiki mbili baadaye Beem akatwaa PGA Championship, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu, mbele ya nyota Tiger Woods.

Mikindani_A
Na wa mwisho kabisa, 2006, ni Dean Wilson, aliyemshinda Tom Lehman kwa mashimo ya ziada baada ya kulingana alama. Februari 2007 Vickers akatangaza kufunga: hakupatikana mdhamini mkuu. Tiger Woods alikuwa amecheza pale 1998 na 1999 tu, na kampuni zilitaka alipo yeye. Inauma, kwa sababu mfumo wenyewe haukuwa na kosa. Mashindano ya Reno, Nevada, yaliuchukua 2012.

KusiniGofu
Kuhusu uwanja: Castle Pines ipo zaidi ya futi 6,000 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali. Mtwara tupo usawa wa bahari. Par 5 ikiwa ndefu mno hakuna atakayefika kwa mikwaju miwili, igo zitakosekana na mfumo utapooza. Sogezeni vianzio (pa kupigia mkwaju wa kwanza) mbele, shimo liwe kama mita 430, na shimo moja walau liwe na kusi mgongoni.

MnaziMmoja
Kosa kubwa huwa kwenye handicap, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake. Watu wanahesabu alama kwanza, halafu wanaongeza handicap mwishoni. Mwenye handicap 18, kwa mashimo 18, ana mkwaju mmoja kila shimo, uondolewe kabla ya kugeuza kuwa alama. Akipiga 4 kwenye par 4, hiyo ni 3: alama 2, wakati ile njia mbovu inampa 1. Akipiga 6, hiyo ni 5: anakatwa 1, wao wanamkata 2. Na akishafika kwenye kukatwa 3, aokote mpira, aandike, aende shimo linalofuata. Foleni nyuma inapungua sana.