Ile kona ya Degner pale Suzuka, huyo Degner ni nani hasa?

Mzee_wa_Kokoto:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mpenzi wa Fomula Wani, naangalia kwenye tv halafu nacheza na gemu yake, sasa kuna kitu kinanisumbua. Wote tunaujua ule uwanja wa Suzuka kule Japani, wenye umbo la namba 8, barabara inapita juu ya barabara. Kabla hujapita chini ya lile daraja kuna kona mbili za kulia zimefuatana zinaitwa Degner, ya kwanza na ya pili. Pale ndo kaburi langu, kila siku naingia na mwendo nikistuka niko kwenye kokoto.

Jana mdogo wangu kaniuliza Degner ni nani nikamjibu fasta ni dereva wa zamani wa Fomula Wani, yeye akasema hapana ni Mjerumani wa pikipiki, tumebishana mpaka tumewekeana soda. Nikaingia gugo nikakuta Kizungu kirefu, mara ukuta wa Berlin, mara Suzuki, mara makachero. Sasa mtu wa mbio za pikipiki anakutanaje na ukuta wa Berlin? Mwenye kuijua hii kitu anishushie taratibu.

Pistoni_Kavu:
Mkuu soda umeshaliwa hiyo, mpe dogo haki yake mapema 😂

Ernst Degner, alizaliwa 1931 mji wa Gleiwitz, enzi hizo Ujerumani, leo uko Poland unaitwa Gliwice. Baada ya vita ya pili ya dunia akajikuta upande wa Mashariki, ule wa wakomunisti, na kuanzia 1956 akawa kiwanda cha pikipiki cha MZ pale Zschopau kama dereva wa mbio na fundi mhandisi kwa pamoja, hapo pa uhandisi pakumbuke maana ndo pana kesi yote. Bosi wake wa kitengo cha mbio aliitwa Walter Kaaden, huyu jamaa wakati wa vita alikuwa Peenemünde kule Wajerumani walikokuwa wanatengeneza maroketi, vita ilipoisha akaja kukaa na vipikipiki vya cc 125 vya tustroki, na pesa hana, vifaa vya kuunga unga, lakini kichwa anacho. 1961 injini yake ya cc 125 ikatoa hospawa 25 kwa mizunguko 10,800 kwa dakika. Piga hesabu hiyo ni sawa na hospawa 200 kwa lita moja, na hakuna tabo wala nini. Hakuna injini ya kuvuta hewa yenyewe iliyokuwa imefika hapo kabla.

Degner yeye alishaonja ushindi Monza, Italia, 1959, na mwaka 1961 alikuwa anautafuta ubingwa wa dunia wa cc 125 akipambana na Tom Phillis, Muaustralia wa Honda. Sasa upande mwingine kuna Suzuki, wanataka kushinda mbio za dunia na hawajui waanzie wapi, walipokwenda kukimbia kisiwa cha Isle of Man 1960 aliyetangulia kati yao alimaliza wa 15. Mwaka uliofuata hali ikawa mbaya zaidi. Sasa pale kisiwani Degner akaanza mazungumzo ya chini chini na watu wa Suzuki, wao wanataka siri ya ile tustroki, yeye anataka kutoka Mashariki na familia yake.

Tarehe 13 Agosti 1961 ukuta wa Berlin ukaanza kujengwa. Yaani mpango umeiva nusu, mlango unafungwa.

Ikabidi ifanyike hivi: Septemba kuna mbio Kristianstad, Sweden. MZ wamemruhusu Degner kwenda, mke na watoto wawili wamebaki nyumbani, ndo dhamana yenyewe hiyo ili arudi. Wikiendi hiyo hiyo rafiki yake mmoja akawapitisha mke na watoto mpakani ndani ya buti la gari kubwa la Kimarekani, inasemekana watoto walipewa dawa ya usingizi wasije wakalia. Huku Sweden Degner anaanza mbio, akishinda tu ni bingwa wa dunia, injini ikafa mizunguko ya mwanzo mwanzo. Akatoka zake uwanjani, akavuka Denmark, akaingia Ujerumani Magharibi. Hakurudi tena Mashariki huyo.

Mashariki wakasema kaua injini makusudi. Akataka aende kumalizia raundi ya mwisho Argentina na pikipiki nyingine, wakamfutia leseni, hakukimbia, ubingwa ukaenda kwa Phillis.

Chepe_la_Mkaa:
Kwa hiyo kwa kifupi ni mwizi. Kaiba siri za kazini kaenda kuuza kwa mshindani. Hapa kwetu ungesikia kashitakiwa.

Pistoni_Kavu:
Mkuu subiri nimalizie kwanza. Baridi ya 1961 kuelekea 1962 akakaa Hamamatsu, Japani, kiwandani kwa Suzuki anawajengea injini. Mwaka 1962 ndo mashindano ya dunia ya cc 50 yakaanza rasmi, Degner akashinda Isle of Man, na nyingine tatu, akawa bingwa wa dunia wa kwanza wa cc 50, na ndo ubingwa wa kwanza wa Suzuki katika historia. Mtu aliyekuja na maarifa yake kichwani, miezi michache tu, timu iliyokuwa inamaliza ya 15 inabeba dunia. Kiasi kinachotajwa sana kwamba alilipwa ni pauni 10,000.

fundi wa mteremkoni:
Nimesoma yote nimecheka peke yangu gereji. Vijana wa siku hizi mmezaliwa mmekuta boda za forstroki, hamjui tustroki ni nini. Ngoja niwaambie siri yenyewe iko wapi maana watu wanasema "siri" "siri" kama vile ni karatasi kwenye bahasha.

Siri iko kwenye ekzosi. Tustroki haina valvu juu, ina matundu tu ubavuni mwa silinda, pistoni ikishuka inayafungua ikipanda inayaziba. Tatizo lake ni kwamba tundu la kutolea moshi linabaki wazi wakati petroli mpya inaingia, kwa hiyo sehemu ya petroli yako inatoka na moshi haijaungua. Ndo maana zilikuwa zinanywa mafuta na kunuka. Kaaden akakaa na chombo cha kupimia mawimbi, akaangalia mgandamizo ndani ya bomba, akalichonga bomba liwe jembamba mwanzoni, litanuke katikati kama tumbo la chatu aliyemeza mbuzi, halafu libane tena mwishoni. Moshi unapotoka unatoka na wimbi. Wimbi likifika pale bomba linapotanuka linarudi kama mvuto, linanyonya moshi wote utoke silinda iwe safi. Likifika pale linapobana linarudi kama kofi, linaisukuma ile petroli iliyokuwa inatoroka irudi ndani, na sekunde hiyo hiyo pistoni inaziba tundu. Hakuna chuma kinachocheza hapo, ni bati tupu lililokunjwa kwa hesabu.

Nawaambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilishaumia. Nilikuwa kijana najifunza, kuna bwana shamba alituletea Suzuki TF 125, ile ya tanki kubwa na kerieri mbele na nyuma, ekzosi imetoboka kwa kutu. Mimi kwa ujuaji nikakata lile tumbo, nikachomelea bomba la maji la moja kwa moja, nikasema itapumua vizuri. Ikawa inapiga kelele kama imeng'atwa na nyuki lakini mlima haupandi! Bwana shamba akaishia kuisukuma na suruali yake ya kazini, na fundi mkuu akanipiga kibao kitakatifu. Ikabidi tutafute ekzosi kuukuu ya TF nyingine tukafunga, pikipiki ikarudi kama mpya. Siku hiyo ndo nikajua lile bati siyo pambo. Na jina la Kaaden sikuwa nalijua, nimekuja kulijua uzeeni.

Kwa hiyo mtu aliyewahi kulikunja bomba lile kwa mkono wake hahitaji kubeba mchoro. Akifunga macho analiona.

Chepe_la_Mkaa:
Maelezo matamu fundi ila hujanijibu, bado ni mali ya Kaaden. Yeye Kaaden alibaki Zschopau na bati lake na MZ hawakuwahi kupata ubingwa wa dunia hata mmoja mpaka leo. Hilo haliwaumi?

Binti Tanki Mbili:
Linauma sana na mimi Kaaden namhurumia kuliko wote kwenye hii stori. Lakini kaka Chepe ukisema wizi uanze mbali. Pale Zschopau zamani palikuwa kiwanda cha DKW, na walikuwa na pikipiki yao RT 125 kabla ya vita. Vita ilipoisha kila mtu akaichukua akaifanya yake, Waingereza wakatoa BSA Bantam, Harley-Davidson wakatoa ya kwao, na Yamaha pikipiki yao ya kwanza kabisa ya 1955, YA-1, ni kopi ya hiyo hiyo RT. Hakuna aliyeitwa mwizi. Halafu hata ile valvu ya sahani inayozunguka, ya kuingizia hewa na petroli, ambayo ilikuwa nusu ya nguvu za MZ haikuanzia kwa Kaaden, ilianzia kwa fundi binafsi Daniel Zimmermann, MZ wakaiona inawashinda wakaichukua. Sasa tumshitaki nani tumwache nani?

Tofauti ya Degner ni kwamba aliondoka na familia yake kwenye buti. Mimi kama mama hapo ndo naishia kusoma, sifiki hata kwenye injini. Ukuta una mwezi mmoja tu, askari wa mpakani wakigonga buti mwanao akikohoa tu mmekwisha. Mtu hafanyi hivyo kwa pauni elfu kumi peke yake.

Mwana wa Kikwajuni:
Sie Unguja Ujerumani Mashariki tunaijua kwa majumba waliyojenga Kikwajuni na Kilimani, babu zetu walikuwa wakiwaona hao wataalamu wao mitaani. Leo ndo mara ya kwanza nasikia walikuwa na pikipiki za kumtisha Mjapani. Haya, lakini huyo bwana mwisho wake ukawaje? Na hilo jina la kona lilitoka kule alikoungua moto au? Niliwahi kusikia aliungua.

Pistoni_Kavu:
Hapo watu wengi wanachanganya, ni ajali mbili tofauti uwanja mmoja.

Suzuka ilijengwa na Honda, ikafunguliwa 1962. Novemba ile kwenye mashindano ya ufunguzi Degner akiwa na ka Suzuki kake ka cc 50 akaanguka kwenye kona ile, basi ikabaki na jina lake. Fikiria Honda, mahasimu, uwanja wao wenyewe wana kona yenye jina la dereva wa Suzuki, na mpaka leo watangazaji wa Fomula Wani wanalitaja kila mzunguko na wengi wao sidhani kama wanamjua.

Moto ulikuja mwaka uliofuata, Novemba 1963, mbio za cc 250 uwanja ule ule. Alianguka, tanki likashika moto, akaungua vibaya sana usoni na mwilini, alipandikizwa ngozi zaidi ya mara 50. Karibu mwaka mzima nje. Halafu akarudi! Mwishoni mwa 1964 akashinda cc 125 pale pale Suzuka, na 1965 akashinda tena Ubelgiji na Ulster. Ushindi wake wa mbio za dunia jumla 15. Lakini Monza 1965 akavunjika mguu, na 1966 akaachana nazo.

Mwisho wenyewe hauna raha. Zile dawa kali za maumivu za baada ya kuungua zikamkamata, akawa hawezi kukaa bila. Akahamia Tenerife, kile kisiwa cha Hispania, akawa na biashara ya kukodisha magari, akafa huko Septemba 1983, hajafika miaka 52. Wapo wanaosema makachero wa Mashariki walimfuata, huo ni uvumi, mimi siutii kwenye hesabu.

Binti Tanki Mbili:
Na ile tustroki aliyoipeleka Japani ikaja kutawala hadi daraja la juu kabisa, Muingereza Barry Sheene kabeba ubingwa wa cc 500 mwaka 1976 na 1977 juu ya Suzuki tustroki. Mpaka 2002 walipobadilisha sheria wakaja na forstroki za MotoGP. Kaaden alikufa 1996, kwa hiyo aliona mengi ya hayo, yuko kwake Saxony, Ujerumani, anaangalia mabomba yake yanashinda kwa jina la watu wengine.

Chepe_la_Mkaa:
Hapo sasa dada unanisaidia mimi 😅

Mzee_wa_Kokoto:
Wakuu asanteni sana, nimesoma mpaka chai imepoa. Dogo nimempa soda yake, baridi, na amenisomea huu uzi kwa sauti makusudi ili nisikie. Usiku nimeingia Suzuka tena nikasema leo nakwenda kwa heshima, Degner ya kwanza nimepita safi, ya pili nimeingia kokotoni kama kawaida.

Swali la mwisho kwa fundi. Hiyo cc 50 aliyobebea ubingwa nasoma ilikuwa na gia 8. Gia 8 kwenye cc 50 za nini?

fundi wa mteremkoni:
Kwa sababu ya bomba hilo hilo. Likichongwa kwa mwendo mkubwa linafanya kazi kwenye mizunguko michache tu ya juu kabisa, ukishuka chini kidogo wimbi linarudi wakati siyo wake na injini inalala usingizi. Kwa hiyo dereva anabadili gia muda wote kuibakiza pale pale panapowaka. Njoo gereji Jumamosi, ile ekzosi ya TF niliyoikata bado ninayo juu ya dari, nitakuonyesha tumbo lake.