Naomba ushauri: naandika historia ya biashara ya ardhi ya familia yetu

Habari zenu wakuu. Babu alianza kwa kununua na kuuza viwanja, baba na baba wadogo wakaongeza nyumba za kupangisha, sasa ni zamu yetu wajukuu. Nimepewa kazi ya kuandika historia ya biashara hii wazee wakiwa bado hai, na nataka iwe ya kweli.

Nina sanduku la karatasi: hati, ramani za upimaji, mikataba ya mauziano yenye alama za dole gumba badala ya sahihi, na daftari la kodi ambamo babu aliandika kwa penseli nani kalipa na nani kaomba asubiriwe. Daftari hilo linanigusa kuliko hati zote.

Shida ni kwamba karatasi na simulizi hazikubaliani. Wazee wanasema kiwanja cha kwanza alinunua babu. Mkataba una jina la bibi. Shangazi zangu wanataka liandikwe waziwazi, baba mdogo anasema nitafufua ugomvi wa mirathi.

Hata familia ya Grosvenor, wamiliki wa ardhi wa London, ilipata ardhi ya Mayfair na Belgravia, maeneo ya jiji hilo, kupitia ndoa ya mwaka 1677, Thomas Grosvenor alipomwoa Mary Davies, mrithi wa ardhi hiyo, na jambo hilo halifichwi. Kwa nini bibi yetu afichwe?

Mliowahi kuandika historia ya familia, mlianzia kwa wazee au kwenye karatasi? Mwanasheria aione rasimu kabla ya ndugu? Na mkataba uliochakaa hadi kuchanika kwenye mikunjo, mnautunzaje?