Mjadala: Tuwavushe vyura barabara ya Dunga, Kisumu?

Jirani wa Dunga: Jumanne mvua ilikatika saa mbili usiku, nikarudi nyumbani kwa miguu. Lami ilikuwa imejaa vyura wanaotoka mashambani kwenda kutaga kwenye madimbwi upande wa mafunjo. Waliopondwa nilihesabu mwanzoni, kisha nikaacha. Mmoja alikuwa jike mkubwa, dume akiwa bado amemng'ang'ania mgongoni, wote wawili wamelala bapa. Uingereza watu hujitolea usiku wa mvua mwishoni mwa baridi: wanashika tochi na ndoo, wanawaokota na kuwavusha. Shirika la Froglife ndilo huratibu. Cape Town pia wapo, mwezi wa 8, kwa ajili ya chura wao wa madoa aliye hatarini kutoweka. Natafuta watu sita, saa moja hadi saa nne, masika haya. Mnaonaje? Shida kubwa ni boda boda, wanapita kama hawana macho.

Boda wa Nyalenda: Macho ninayo, dada. Barabara hiyo haina taa hata moja, nami nina abiria mgongoni. Mwenzetu aligongwa na lori papo hapo na hakuna aliyekuja na tochi. Na ukumbuke kazi ya kuvusha tuliianza sisi watu wa magharibi, pale Busia, mpakani na Uganda, kwa baiskeli, mpaka hadi mpaka, yaani "border to border". Jina la boda boda ndipo lilipotoka.

Mama Achieng: Pole kwa mwenzako. Lakini mwanangu alivunjwa mguu na boda aliyepanda kando ya barabara, kwenye njia ya watoto wa shule. Hakusimama. Usituambie habari za Busia.

Boda wa Nyalenda: Mama, si mimi niliyemgonga.

Mama Achieng: Sikusema ni wewe. Nimesema hakusimama.

Mtu wa Malaba: Boda boda ni Malaba, si Busia. Marehemu babu alibebwa kwa baiskeli hapo.

Boda wa Nyalenda: Busia. Waulize wazee.

Kijana wa Milimani: Tumetoka kwa vyura tumefika mpakani! Mimi naunga mkono. Vyura wanakula mbu, tukiwaokoa malaria itapungua Kisumu.

Mwalimu wa Sayansi: Tusiwaahidi watu hivyo, kijana wangu. Chura huyu wa ngozi kavu huwinda chini: siafu, mchwa, mende, konokono wadogo. Malaria tunapigana nayo kwa neti na dawa. Sababu ya kumvusha inatosha bila mbu: jike mmoja ana mayai maelfu tumboni, anayataga majini kama nyuzi ndefu zenye punje nyeusi. Ukimponda kabla hajafika, umeponda yote. Na mkimshika, nawieni mikono. Nyuma ya macho ana tezi za sumu, mbwa akimng'ata hutokwa na mapovu.

Mzee wa Kano: Wahenga walisema kelele za chura hazimkatazi ng'ombe kunywa maji. Nimewasikia vijana wakiitumia hiyo kudharau. Sisi kule Kano tulipowasikia ogwal, yaani vyura kwa Kijaluo, usiku tulijua maji yamekaa shambani, asubuhi tunatoka na majembe. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda walilia mpaka ndani ya nyumba zetu. Sijawahi kuona mtu akimwokota kwa ndoo, lakini siwezi kumcheka anayefanya hivyo.

Mama Achieng: Mzee, nakuheshimu. Lakini kabla ya ndoo tuombe matuta. Hapo si mji? Mwendo wa mjini ni kilomita 50 kwa saa, nani anaufuata? Matuta yatamfaa chura na mtoto pia.

Mwalimu wa Sayansi: Matuta hayamfai sana chura, mama. Gurudumu la polepole linamponda vilevile. Yatamfaa mtoto, na hilo linatosha kuyaomba.

Jirani wa Dunga: Naafiki matuta, nitaandika barua kwa kaunti. Lakini mvua haingoji barua. Ijumaa nitakuwa pale na ndoo mbili na reflekta tatu. Watoto wasije, ni usiku na ni barabarani.

Boda wa Nyalenda: Tunaweza kuja wawili, tukaegesha pikipiki huku na huku, taa zikiwaka, magari yawaone. Ila yale maneno ya macho uyafute.

Jirani wa Dunga: Samahani, ndugu yangu. Nilikuwa na hasira ya wale vyura.

Boda wa Nyalenda: Bado nayasoma hapo juu.