Baiskeli kando ya Ziwa Kivu, njia isiyo na malori?

Mwuliza: Wakuu, mimi na mke wangu tunataka kupiga baiskeli Rwanda kando ya Ziwa Kivu. Honi za malori tumezichoka. Kuna njia?

Jibu: Ipo, kaka. Congo Nile Trail, kilomita 227, Rubavu hadi Rusizi. Lami waachieni wenye magari, nyie shikeni vumbi. Rubavu kwenda Kinunu ni vilima tupu: unateremka hadi ufukweni, harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, wa kuanikwa inakupokea, halafu unapanda tena ukisukuma, watoto wamekushikia karia nyuma wanacheka. Kinunu wanaosha kahawa, pumzikeni hapo. Mimi sehemu hiyo naipenda kuliko Karongi yenyewe, ingawa wengi watanibishia.

Jibu: Nabisha! Karongi na vile visiwa? Ila msiende Aprili, tope linabana matairi hadi gurudumu haligeuki. Julai ni pakavu.

Mwuliza: Shemeji yenu akichoka je?

Jibu: Ulizieni boti Karongi. Bebeni tyubu za akiba na pampu. Na mkigusa lami, Rwanda ni kulia, si kushoto kama kwetu.